Nani Kasema Pwani Haina Mbwa wa Kusimuliwa?

Lamu ni mji wa punda na paka. Hilo huambiwa kila mgeni kabla hajatua mzigo. Punda wana zahanati yao tangu mwaka 1987. Paka wametungiwa nasaba ndefu inayowafikisha kwa Mafirauni, na hakuna anayedai ushahidi. Mbwa peke yake ndiye aliyekosa hata uongo wa kumsitiri. Ukiuliza kulikoni, utajibiwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha hukumu: Mswahili na mbwa hawana lao moja, dini imekataza, na ndiyo maana katika masimulizi yetu hayumo. Wagiriki wana mbwa wao wa kuzimu, Wahindi wana mbwa aliyefika mlangoni mwa pepo, watu wa bara wana mbwa aliyeleta habari ya mauti. Sisi tuna sungura, fisi na majini.

Kauli hiyo imezoeleka hata wasomi huipitisha bila kuikagua. Mimi naikataa yote. Si kweli kwamba masimulizi ya pwani hayana mbwa, na ni uongo mkubwa zaidi kwamba dini ndiyo iliyomfukuza.

Nilikoisikia ikitolewa kwa ufasaha kuliko kwingine ni Ras Kitau, ile ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela. Huku Shela kuna minara na nyumba za mawe zenye madaka. Kule Kitau kuna mchanga, mikoko nyuma yake, hoteli na nyumba za likizo za watu wenye nazo. Mashua ilikuwa inakaribia ufukweni. Kivulini, chini ya ukuta wa nyumba moja, palikuwa na mbwa wa rangi ya mchanga, amelaza kidevu juu ya miguu ya mbele aliyoinyoosha, chembe za mchanga zimemganda puani, jicho moja liko kwetu. Kijana mtembeza watalii akamwambia mgeni wake kwamba wale ni mbwa wa Wazungu, na kwamba kwetu sisi mbwa hata kwenye hadithi hayumo.

Nahodha, mzee aliyekuwa ameshika usukani, hakugeuza uso. "Na yule wa pangoni je, mwanangu?"

"Yule ni wa msahafuni, ami. Si hadithi."

"Haya," akasema mzee, akazima mashine.

Hapo ndipo kosa lote lilipo, na kijana hakulianzisha yeye. Muumini ana haki ya kukataa kisa cha Qur'ani kitiwe kapu moja na ngano za Wagiriki, na mimi sikitii. Lakini swali letu si kisa kipi ni kweli na kipi ni cha kutungwa. Tunauliza kama katika visa vinavyomlea mtoto wa pwani, anavyovisikia tangu chuoni na kuvibeba hadi kaburini, mbwa yumo. Yumo. Tena yumo katika sura inayosomwa Ijumaa baada ya Ijumaa kuliko sura nyingine nyingi.

Kisa cha watu wa pangoni kimo katika Suratul Kahf. Vijana wanaukimbia mji wa washirikina, wanaingia pangoni, wanalazwa miaka 300 na kuzidi 9. Jua likichomoza linalikwepa pango lao, likitua linawapita kando. Wao wenyewe wanageuzwa ubavu wa kulia na wa kushoto. Mbwa wao hatajwi kugeuzwa. Yeye amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na mtu angewachungulia angejaa hofu akakimbia. Kisha, baadaye kidogo, watu wanabishana walikuwa wangapi. Kuna wasemao watatu, wa nne mbwa wao. Kuna wasemao watano, wa sita mbwa wao. Kuna wasemao saba, wa nane mbwa wao. Angalia mabishano hayo yanavyokwenda: idadi ya binadamu haikubaliwi, wengine wanakisia gizani, lakini hakuna upande hata mmoja unaomwacha mbwa nje ya hesabu. Ametajwa mara 4 katika sura hiyo moja.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wengi hulipita mbio. Vijana wakiamka, wanampeleka mmoja wao mjini na sarafu ya fedha akanunue chakula, nao wanamsisitizia atafute kilicho safi na halali kabisa. Hawa basi si watu wasiojali tohara. Ni watu wanaohofia tonge lao lisije likawa na doa, ilhali mlangoni pao pamelala mbwa kwa karne tatu na ushei. Anayesema mcha Mungu na mbwa hawakai pamoja atueleze pango hili linakuwaje.

Qur'ani haikumpa mbwa yule jina. Wafasiri walimpa, na lililoenea zaidi ni Qitmiri. Katika nchi nyingi za Kiislamu watu waliandika jina lake juu ya barua ili isipotee njiani, na majina ya wenzake wakayatia katika hirizi. Kwa watu wa bahari nina ushahidi ninaoupenda zaidi ya wote. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, imo kazi ya khatati wa Kituruki, Abd al-Qadir Hisari, ya mwaka 1180 wa Hijria, yaani 1766 au 1767. Ni merikebu iliyochorwa kwa maandishi, na ubavu wake umeundwa kwa majina ya watu wa pangoni pamoja na la mbwa wao. Chombo kizima kinaelea juu ya majina hayo, na la mbwa limo. Sijui mji gani wa mashua na majahazi ungepaswa kuielewa picha hiyo upesi kuliko Lamu.

Sasa tuje kwenye ile "dini imekataza". Pwani yetu inafuata madhehebu ya Imam Shafi'i, na kwa Shafi'i mbwa ni najisi nzito: chombo alichokitia ulimi huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo sibishani nalo, wala si kazi yangu. Nabishana na kulibadilisha. Hukumu ya Shafi'i inahusu majimaji na chombo. Mbwa mkavu akipita karibu na kanzu kavu hakuna kilichoharibika. Imam Malik naye, mwalimu wake Shafi'i, alimwona mbwa kuwa ni tohara, na mamilioni ya Waislamu wa Maghribi na Afrika Magharibi wanaswali kwa msimamo huo hadi leo. Mahanafi wanahesabu mate kuwa najisi na mwili kuwa safi. Basi ukisema "Uislamu unamchukia mbwa" umechukua ukurasa mmoja wa mlango wa tohara katika madhehebu moja, ukaufanya dini nzima, kisha ukaufanya utamaduni, kisha ukaufanya tabia ya moyo. Shafi'i hakuyasema yote hayo.

Wapinzani wangu wana hoja zao, na si dhaifu. Kuna hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa. Kuna ya mbwa mweusi kuitwa shetani. Kuna habari ya mbwa kuuawa Madina, ingawa amri hiyo iliondolewa baadaye. Na katika Suratul A'raf mtu aliyezitupa aya za Mungu anafananishwa na mbwa ahemaye, umkemee au umwache. Yote yamo. Lakini katika vitabu hivyohivyo mbwa wa mifugo, wa shamba na wa uwindaji wameruhusiwa waziwazi. Suratul Maida inahalalisha windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa. Na Bukhari na Muslim wote wawili wamepokea kisa cha mwanamke kahaba aliyemkuta mbwa anakufa kwa kiu kisimani, akavua kiatu chake, akakifunga kwa mtandio, akamtekea maji, na kwa tendo hilo moja akasamehewa. Manda ni kisiwa chenye shida ya maji matamu; wazee wa Shela huvuka mpaka magofu ya Takwa kuomba mvua kwenye kaburi la mnara. Kisa cha kiu kilipaswa kuwa cha kwanza kufundishwa huku. Badala yake mtoto hufundishwa la mara saba, na la kiatu analigundua akiwa mtu mzima, kama ana bahati.

(Na kwa anayedhani kumsifu mbwa ni uzungu: Baghdad, mwanzoni mwa karne ya 10, Ibn al-Marzuban aliandika kitabu kizima kuonyesha ubora wa mbwa juu ya wengi wavaao nguo. Kichwa chake kinasema hivyohivyo, bila kumung'unya.)

Sehemu ya pili ya kauli ninayoipinga ni ile inayotutenga na walimwengu. Inasema wengine wana mbwa wa visa kwa sababu wao wanampenda mbwa. Sisi hatuna kwa sababu sisi tunamwona mchafu. Anayesema hivi hakuvisoma visa vya hao wengine. Karibu kila mahali mbwa wa masimulizi ni kiumbe asiyeingizwa ndani na asiyefukuzwa kabisa, na kwa sababu hiyo amewekwa mlangoni. Kerberos wa Wagiriki hayuko sebuleni mwa mtu. Analinda lango la kuzimu, wafu wasitoke. Katika Veda za Wahindi, Yama, mfalme wa wafu, ana mbwa wawili wenye macho manne wanaoilinda njia ya kuelekea kwake. Katika dini ya kale ya Wafursi mbwa wako kwenye daraja la Chinvat ambalo roho hulivuka, na maiti hakukamilishiwa taratibu zake mpaka mbwa aletwe amtazame. Wenzetu wanaojinasibu na Shirazi, na pwani hatuna uhaba wao, wangejua babu zao wa mbali walivyomheshimu mbwa sijui wangeuweka wapi uso.

Mfano wa Wahindi una nguvu zaidi, maana sheria za Kibrahmani zinamhesabu mbwa kuwa mchafu kwa ukali usiopungua wa kwetu. Na bado mwishoni mwa Mahabharata, Yudhishthira anapanda mlima kuelekea peponi, ndugu zake na mke wao wanaanguka njiani mmoja baada ya mwingine, anabaki na mbwa aliyemfuata tangu mwanzo. Anaambiwa aingie, mbwa abaki, kwa kuwa pepo si mahali pa mbwa. Anakataa kuingia. Ndipo inapojulikana kwamba mbwa yule alikuwa Dharma, mungu wa haki, baba yake mwenyewe. Kisa hiki kingekosa maana kabisa kwa watu wasiomwona mbwa mchafu. Uchafu wa mbwa ndio unaokipa uzito. Basi vipi uchafu uleule, ukifika Lamu, uwe sababu ya kutokuwepo kisa?

Ulaya nako si hivyo wanavyodhani watembeza watalii wetu. Karne ya 13, karibu na Lyon, Ufaransa, wanakijiji walikuwa wakiomba dua kwenye kaburi la mbwa aitwaye Guinefort, aliyemwokoa mtoto mchanga na nyoka kisha akauawa na bwana wake kwa kudhaniwa ndiye aliyemla mtoto. Mkaguzi wa Kanisa, Étienne de Bourbon, alipopata habari alifukua mifupa ile akaichoma moto, akaikata na miti ya pale. Kisa chenyewe, kwa anayeijua Kalila na Dimna, si kigeni; kule mwenye kuuawa kwa dhuluma ni mnyama mwingine mdogo. Kilisafiri, kikabadili mnyama, mbwa akapata utakatifu njiani na akanyang'anywa.

Lakini ushahidi unaonitosha mimi hautoki Ugiriki wala India. Unatoka kwa hao "watu wa bara" tunaowasingizia kumpenda mbwa. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotoka mwaka 1909, aliandika asili ya mauti kama walivyomsimulia. Mbwa alikwenda kwa watu akawaambia: nyote mtakufa kama mwezi unavyokufa, lakini hamtafufuka kama mwezi mpaka mnipe maziwa katika kibuyu chenu na pombe kwa mrija wenu, mkifanya hivyo nitawapangia mrudi siku ya tatu. Watu wakamcheka. Wakammiminia maziwa na pombe juu ya kigoda anywe hapo. Mbwa akanywa, moyo umemjaa ghadhabu kwa kutopewa chombo cha binadamu, akaondoka akisema watu wote watakufa na mwezi peke yake ndio utakaorudi.

Chombo! Wanandi wale hawakuwa Waislamu, hawakumsikia Imam Shafi'i, hawakuosha kitu mara saba. Na bado kitu walichokataa kumpa mbwa ni kilekile: kibuyu chao na mrija wao. Mauti yakaja duniani kwa sababu ya chombo ambacho ulimi wa mbwa haukuruhusiwa kukigusa. Anayesema mwiko wa mbwa ni jambo la pwani na Uarabu ajibu hilo kwanza. Mwiko huo ni wa zamani na umesambaa, na popote ulipo umezaa visa, haukuviua.

Tena pwani yenyewe, ukiacha msahafu, haikukaa kimya. Hafi maji mbwa akiona ufuko: methali hii haikutungwa na mtu wa nyika kavu. Imetungwa na mtu aliyekaa chomboni akamwona mbwa anaogelea, kichwa tu kiko juu, pumzi zinamwishia, kisha nchi kavu inatokea na nguvu zinamrudia. Aliyeitunga hakuwa akimcheka mbwa. Alikuwa akimtazama kwa jicho la mtu aliyewahi naye kukaribia kuzama. Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia: hii ni ya mwindaji, na wawindaji wa namna hiyo bado wapo. Katika vijiji vya Unguja na Pemba, wasasi huingia na mbwa wao kuwatoa nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo, nao ni Waislamu wanaojua kutawadha kuliko wengi wanaowasimanga.

Pemba niitaje zaidi. Ni kisiwa ambacho karibu wakazi wote ni Waislamu wa Kishafi'i. Kampeni za kuwachanja mbwa dhidi ya kichaa zilianza huko mwaka 2010, ugonjwa ukatoweka, ukaingia upya mwaka 2016, ukatokomezwa tena kwa chanjo. Chanjo ya namna hiyo haifanikiwi kwa mbwa koko peke yao. Inahitaji mtu amfunge mbwa wake kamba, amtoe nyumbani asubuhi, asimame naye foleni. Nani aliwafunga kamba hizo, kama Mswahili na mbwa hawana lao moja?

Najua nitakaloambiwa la mwisho: Qitmiri si wetu, ni wa pango la mbali, na kisa chake kimetoka nje. Sawa. Na Maulidi ya Habshi, ambayo Lamu hujaa wageni kwa ajili yake kila mwaka, yametungwa wapi? Hadhramaut. Na Habib Swaleh aliyeyastawisha Lamu na kuacha Msikiti wa Riyadha alizaliwa wapi? Ngazija. Hakuna anayethubutu kusema barazani kwamba Maulidi si ya Lamu. Kitu kikisomwa kizazi baada ya kizazi, kikililiwa, kikihifadhiwa na watoto kabla hawajajua maana yake, kimekuwa cha mahali hapo. Kipimo kisichotumika kwa Maulidi kisitumike kwa mbwa wa pangoni.

Hoja hii ina madhara nje ya vitabu, ndiyo maana nimeikalia. Mtoto aliyeambiwa kwamba mbwa ni adui wa dini hupata ruhusa ya kurusha mawe na kujiona amefanya ibada. Na mgeni aliyejenga Kitau akiambiwa hivyohivyo hupata ruhusa ya aina yake: huamua kwamba jirani zake ni watu wasio na huruma kwa wanyama, basi hana haja ya kuwasikiliza, na mbwa wake huachiwa ufukweni amrukie mtu anayeshuka mashuani na udhu wake akiwahi alasiri. Mtu huyo akipiga kelele, mgeni anaona chuki. Anachokiona ni mtu anayetetea nusu saa ya maji na kanzu safi, kwenye kisiwa ambacho maji huja kwa mtungi. Mbwa huyo afungwe kamba. Ni jambo dogo, na halihitaji mkutano wa chifu.

Na wale vijana wenye mawe niwaambie wakafungue kitabu chochote cha fikihi cha Kishafi'i wanachokisoma chuoni, mlango wa tohara. Watakuta maji. Watakuta udongo na hesabu ya mara saba. Mawe nayo watayakuta humo, sikatai, lakini ni ya kustanjia.